Siku Niliyojiita Jirani

Masika mwanangu,

Nyumbani hapakaliki. Akina mama wa kwaya wamekijaza chumba tangu saa nane, wanawaombea safari, na kila anayeingia ananiomba nisogee kidogo apite na sufuria. Nimetoroka. Nakuandikia nikiwa dukani Wandegeya, hapa Kampala, kwenye meza ninayojalidia tasnifu za wanafunzi, na mwenye duka ameniruhusu kutumia karatasi zilizoharibika. Ukigeuza ukurasa wowote utakuta nyuma yake kipande cha utafiti kuhusu ndege wa kinamasi. Usome na huo. Si utafiti mbaya, ingawa mwandishi amekosea kuhusu chakula cha korongo, na nilimwambia.

Kesho saa mbili asubuhi gari litakuja nyumbani Nateete kuwachukua: wewe, mama yako na babu yako. Mimi nabaki.

Sitakuandikia kuhusu koti, wala kuhusu meno, wala kuhusu kutompa mtu yeyote pasipoti yako uwanjani. Hayo mama yako ameyashika, na akiyashika yeye hayadondoki. Mimi nimebakiwa na jambo moja ambalo hakuna mwingine awezaye kukueleza, kwa kuwa nililifanya mwenyewe: kwa nini tangu upate akili umeona nyumba yetu ina milango miwili, na kwa nini ulifundishwa kuniita jirani mbele za watu. Una vipande vya habari hii. Nataka uwe nayo nzima, tena kutoka kwangu, kabla hujakua na kuanza kuiunganisha peke yako, kwa huruma au kwa hasira.

Lakini tuanze na mepesi. Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya kucheka, na sitaki mtu aje akuambie vinginevyo.

Ulipokuwa na miaka minne nilikufundisha kwamba mtu mwenye akili hakubali kufanya jambo mpaka apewe sababu mbili. Sababu moja yaweza kuwa bahati tu. Mbili zinaanza kuwa hoja. Nilijivunia somo hilo hadi jioni mama yako alipokuita kuoga, ukasimama mlangoni na taulo kichwani, mikono kiunoni, ukasema, "Nipe sababu mbili." Mama yako hakukutazama wewe. Alinigeukia mimi: "Baba Masika, huyu ni wa kwako. Kamwogeshe kwa hoja zako." Ilinichukua dakika arobaini, na mwishoni aliyelowa alikuwa mimi.

Tulibishana juu ya kila kitu. Sombe, yale majani ya muhogo, itiwe mawese au karanga. Majani ya chai yachemke pamoja na maji au yasubiri. Kama ni haki kumla kuku ambaye ameshapewa jina: babu yako alinunua kuku wa Mwaka Mpya, wewe ukampa jina kabla ya jua kuzama, nami nikasimama kukutetea kwa nusu saa nzima juu ya maana ya kumwita kiumbe kwa jina lake. Mwaka ule tulifungua kwa maharage. Babu yako aliyatafuna polepole, akinitazama mimi peke yangu.

Na bila shaka unalikumbuka soko la Ggaba, kando ya ziwa. Jumapili ile tulikwenda kununua samaki, babu yako ameshika sato mmoja, mimi mwingine, na mama muuza samaki katikati yetu amechoka. Babu yako alisema samaki hujulikana kwa matamvua. Nikasema hujulikana kwa jicho. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimejalidi tasnifu ya mwanafunzi wa uvuvi, na unajua sijalidi kitu kabla sijakisoma.

"Ile karatasi yako, Profesa," babu yako aliniuliza, "inakulaka samaki?"

Nikaweka samaki wangu mezani ili nipate mikono yote miwili ya kumjibu. Naye akamweka wake, kwa sababu hiyohiyo. Ndipo korongo mmoja kati ya wale wenye vipara wanaozurura sokoni akanyoosha shingo, akachukua mmoja, akaenda zake bila haraka kama mtu aliyelipa.

"Ssebo, bwana wewe!" yule mama alipiga kelele. "Samaki yenu imeruka!"

Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye maji ya samaki na gauni la kanisani. Nasi wawili, hata baada ya hapo, tulibishana ni samaki wa nani aliyechukuliwa.

Ndivyo tulivyokuwa, mimi na babu yako, tangu zamani. Tulipenda kushindana kuliko tulivyopenda kile tulichokuwa tukikishindania. Miaka mingi kabla ya Ggaba tulishindana hivyohivyo siku moja, na kilichochukuliwa siku hiyo hakikuwa samaki.

Ulikuwa na miezi mitatu. Tulikuwa tumefika Kampala kutoka Beni, Kongo, wiki chache nyuma, tukiwa na mabegi mawili, na wewe mgongoni kwa mama yako. Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimesoma mwaka mmoja wa chuo, pamoja na vitabu vingi kuliko umri wangu ulivyoweza kuvibeba, na nilikuwa na maoni juu ya vyote. Asubuhi ya kwenda kujiandikisha katika ofisi ya wakimbizi, wakati mama yako anakufunga kitambaa, nilitangaza kwamba jina litakaloandikwa kwenye karatasi ni Fikira.

Kwetu Wanande, wajua, jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika. Hakuna kikao kinachoitishwa. Nyumba nzima ilikuwa ikikuita hivyo tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nimenyamaza kwa miezi mitatu nikitayarisha hotuba.

"Mtoto mwanamke wa kwanza anaitwaka Masika," babu yako alisema. "Hiyo haiko ya kuchagua."

"Kila jina ni la kuchagua, Baba. Hata kutochagua ni kuchagua."

"Fikira haiko jina. Iko ugonjwa yako."

Mama yako alicheka. Leo naona alikuwa na haki ya kucheka. Ulikuwa mzaha mzuri. Siku ile kicheko chake kiliniingia kama msumari. Nikasema kwa sauti ambayo sijivunii kwamba mimi ndiye baba wa mtoto, na baba ana neno.

Babu yako alikuwa anafunga viatu. Hakuinua kichwa. "Baba anajulikana na mbuzi," akasema. "Mbuzi yako iko wapi? Mpaka siku utakuja kwetu na wazee wako, weye uko jirani tu. Jirani ya makelele."

Lazima ufahamu kilichoniuma. Haikuwa mbuzi wa mahari. Alisema wazee. Wawili kati ya watu ambao wangekwenda kuniposea walikuwa wamezikwa mwaka uleule, na wa tatu hatukujua alipo. Babu yako alilijua hilo. Alikuwepo kwenye mazishi. Naamini alilisahau kwa nusu dakika, kama watu wanavyosahau wakiwa wanatania na kufunga viatu. Lakini mimi niliibeba nusu dakika ile njia nzima mpaka ofisini, na tulipofika kwenye foleni ilikuwa imekuwa kubwa kuliko begi langu.

Karani alikuwa kijana wa hapahapa mjini, mpole, mwenye Kiswahili cha Kampala. Alimwandika babu yako kuwa mkuu wa familia. Akamwandika mama yako. Akauliza jina la mtoto, na babu yako akajibu "Masika" upesi, akinitazama kwa pembe ya jicho. Nikaliacha lipite. Nilikuwa nimepata njia bora ya kulipiza.

"Na wewe?" karani aliniuliza. "Uko nani ya hawa watu?"

"Mimi?" Nilitabasamu, nikamgeukia babu yako ili maneno yamfike vizuri. "Mimi ni jirani tu."

"Jirani ya wapi?"

"Ya kwao."

Kalamu ikatembea. Nilikuwa nangoja babu yako aone haya, aseme, "Achana naye, huyu ni mkwe wangu, ana hasira." Nilikuwa na hakika kabisa atasema. Ule ulikuwa mtego wangu wote: kumlazimisha aniite mkwe mbele ya serikali.

Karani akamwuliza, "Mzee, ni kweli?"

Babu yako alitazama kofia yake, akaigeuza mikononi. "Amesema mwenyewe."

"Basi, jirani aende laini ile ingine."

Nami nikaenda. Masika, nilikwenda! Nilichukua begi langu, nikahama mstari, nikasimama nyuma ya mwanamume mwenye redio iliyoharibika. Kutoka pale nilisikia karani akimwuliza mama yako baba wa mtoto yuko wapi. Mama yako alinitazama. Tulikuwa hatua kumi hivi. Alinipa muda; nakuapia alinipa muda wa kutosha mtu kuvuka hatua kumi mara tatu. Kisha akamgeukia karani na kusema, "Amekwenda."

Nimesoma mengi tangu wakati huo kuhusu kejeli, kwamba ni silaha ya mtu mwenye akili. Hakuna kitabu kilichonionya kwamba mtu mwenye kalamu haisikii. Yeye huandika.

Utauliza, nawe una haki, kwa nini sikurudi kesho yake. Kesho yake nilikuwa bado nangoja babu yako aanze. Wiki iliyofuata alikuwa bado anangoja mimi nianze. Baada ya hapo watu wa foleni walianza kutuambia kwamba anayebadilisha maelezo faili lake hutupwa chini ya mengine yote, na woga ukatupatia sababu ya heshima ya kuendelea na kiburi. Tulipanga vyumba viwili vilivyoshikana ukuta, cha kwao na cha kwangu, ili karatasi isituumbue. Mama yako aliniambia mwaka wa pili: "Baba Masika, wewe na baba yangu mmesimama mlangoni, kila mmoja anataka mwenzake apite kwanza. Mvua inaninyeshea mimi." Nilimjibu kwa hoja. Siikumbuki hoja hiyo. Nakumbuka alikuwa anachambua mchele na hakuacha kuuchambua.

Hapo katikati nilipata kazi hii ya dukani, kisha nafasi ya chuo, nikawa nasoma falsafa asubuhi na kujalidi mchana. Babu yako aliniuliza falsafa ni kazi inayomlisha nani. Lakini siku ya kuvaa joho, mwaka jana, ni yeye aliyelipiga pasi. Alilipiga mara mbili.

Kabla ya joho, hata hivyo, ofisi ilikuwa imeshaanza kuwaita kwa habari ya kuhamishiwa Kanada. Ulikuwa na miaka mitano. Kila familia ya wakimbizi hapa mjini hufanya mazoezi ya faili lake, majina, tarehe, nani alizaliwa lini, nani alifia wapi, mpaka yatoke bila kukwama; nasi tulifanya ya kwetu baada ya chakula, babu yako akiwa ndiye ofisa.

"Nyumbani muko wangapi?"

"Watatu."

"Na ule wa chumba ya pili?"

"Jirani."

"Jirani iko na nini?"

"Iko na vitabu," ulisema, ukimwigiza, na sote tukacheka.

Ulilifanya kuwa mchezo. "Jirani, chai iko tayari." "Jirani, mama anauliza kama jirani atakula." Siku maofisa walipokuja kuona mnavyoishi, tulihamisha vitu vyangu vyote asubuhi: taulo, viatu, redio, rundo la vitabu. Nilikuwa nimeshafunga mlango wangu nilipokusikia ukigonga. "Jirani," ulinong'ona kwenye tundu la kitasa, "umesahau mswaki wako." Ukaupitisha chini ya mlango, umejaa vumbi. Nilikaa kitandani nikiushika, nikawasikiliza kupitia ukutani. Ofisa alikuuliza kitu, ukacheka kile kicheko chako cha puani, na mimi sikujua kilichokuchekesha. Sijajua mpaka leo. Sijawahi kukuuliza, kwa kuwa ningekuuliza kama nani?

Kisha yakaja mahojiano yako wewe peke yako, ukiwa na miaka minane. Niliwasindikiza mpaka ng'ambo ya barabara, nikangoja karibu na kibanda cha sambusa kama mtu asiyemngoja yeyote. Ulitoka ukikimbia. Mama yako alikuita, hukusikia. Ulivuka barabara ukanirukia kiunoni.

"Baba, nimejibu vizuri! Wameniuliza tuko wangapi, nikasema watatu. Wakaniuliza, na yule anayekupeleka shule asubuhi? Nikasema, huyo si mtu wetu."

Masika, nilikusifu. Nilikwambia, "Vizuri sana, mwanangu." Nilikununulia sambusa mbili, ukazila umesimama, ukipangusa mikono kwenye sare, furaha tupu. Mtoto aliyenikana kwa usahihi, nami nikampa zawadi.

Watu hudhani kinachomwandama mtu ni sauti ya kutisha. Kinachoniandama mimi ni sauti ya mtoto aliyefurahi kwa kupata maksi zote. Inanijia hapa dukani mashine ya kukatia karatasi inaponyamaza. Ilinijia ukumbini wakitaja jina langu na shahada yangu. Siku fulani nikikufunga kamba za viatu uliinamisha kichwa na kuniuliza ninawaza nini, nikakwambia nawaza juu ya kamba.

Siku tisa baada ya sambusa zile nilikwenda ofisini kusema ukweli. Sikumwambia mama yako. Sikumwambia babu yako. Nilijiona shujaa. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imemshuka puani, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kuandika chochote. Kisha akauliza:

"Kwa nini ulisema jirani?"

Nilikuwa nimetayarisha maelezo juu ya mila, juu ya vita, juu ya hadhi ya mtu asiye na wazee wa kumsemea. Yote yalikuwa ya kweli. Kilichotoka ni, "Nilikuwa nimekasirika."

Akavua miwani. "Ulikasirika miaka minane?"

Sijawahi kushindwa hoja kama siku ile.

Alinieleza kwa upole kwamba nimefanya vema kuja, maana mtu asiyetajwa kabla ya safari ni vigumu mno kutajwa baadaye. Na kwamba kwa sababu nimekuja, safari imesimama. Ndipo wote mkaitwa upya. Ndipo wakatupangusa ndani ya mashavu kwa vijiti vya pamba, mimi na wewe, ukatoka unamwambia babu yako, "Wanatafuta baba mdomoni mwangu." Walimpata. Ilichukua mwaka mmoja na nusu.

Mama yako hakunisemesha mwezi mzima. Aliponisemesha alisema, "Ulipoandikisha uongo hukutuuliza. Ulipoandikisha ukweli hukutuuliza." Akaongeza chumvi kwenye mboga. Nimelifikiria neno hilo kuliko vitabu vyangu vyote. Nilidhani kinyume cha kosa langu ni kusema kweli, kumbe hata kweli niliisema kama mtu anayetaka kushinda, peke yake, mbele ya meza ya karani.

Na katika mwaka ule na nusu, babu yako alipoteza jicho la kulia. Alikuwa na presha ya macho, matone aliyopewa hayakutosha, na matibabu aliyokuwa ameahidiwa yalikuwa ng'ambo, upande ule wa safari niliyoisimamisha. Daktari alisema huenda lingekwenda hata angesafiri mapema. Huenda. Mwezi uleule mwanafunzi wa udaktari alileta tasnifu yake kuhusu ugonjwa huohuo. Niliisoma yote, pamoja na majedwali, nikitafuta sentensi ya kunisamehe. Haimo. Nikaijalidi vizuri kuliko tasnifu yoyote niliyowahi kuijalidi, sijui kwa nini.

Mwezi uliopita babu yako alinijia chumbani. Alikaa kwenye kiti cha vitabu, baada ya kuvishusha chini kimoja kimoja.

"Profesa," alisema, "hii jicho isikusumbue. Ilikuwa imeona mambo yako ya kutosha."

Nilishindwa kucheka. Akaongeza, "Ile siku, nilikuwa na neno pa ulimi. Mkwe. Lakini nilisema, huyu kijana aniombe kwanza samahani. Nilingojaka."

"Mimi nilingoja ukatae, Baba. Useme si kweli."

"Sasa tulikuwa tunangoja batu babili," akasema, "na hakuna mmoja alikuja."

Tukakaa. Uliingia kutafuta penseli, ukatukuta kimya wote wawili, ukaenda kumwita mama yako kwa hofu kwamba kuna mgonjwa.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Sasa kwenye faili mimi ni baba yako. Wameandika: baba, hasafiri, kwa kuwa kibali cha safari kilikuwa cha wale watatu wa tangu mwanzo. Nimeruhusiwa kuomba kuwafuata, nami nimeomba. Hakuna aliyeniahidi lolote, kwa hiyo na mimi sikuahidi. Nimekudanganya kwa miaka mingi kwa idhini ya familia nzima. Sitaongeza uongo mwingine ili usinzie vizuri ndani ya ndege.

Huko mwendako utachagua mambo mengi madogo kwa siku moja: ukae kiti gani, ucheke na nani, useme nini mtu akikuudhi mbele za wengine. Sina kanuni ya kukupa. Zamani ningekupa saba. Naona tu kwamba sikuwahi kukosea palipokuwa pakubwa. Vita vilipokuja nilijua la kufanya, mpakani nilijua, usiku ulipougua homa nilijua. Nilikosea mahali padogo, kwenye kiti cha plastiki mbele ya karani, mchana, nikiwa na haki na nikiwa mchekeshaji. Na babu yako alikosea akifunga viatu. Ukiwa na haki na maneno mazuri yamekujia mdomoni, mwanangu, tazama kwanza nani amebebwa mgongoni mwa nani.

Endelea kudai sababu mbili. Wadai walimu wako, wadai hata polisi. Lakini mama yako akikuita, nenda na moja.

Nilikuwa nimekusudia kumalizia hapo. Kuna jambo la leo mchana, hata hivyo, na ndilo lililonitoa nyumbani kuliko kwaya.

Yule bwana aliyekuja kupima mizigo, akiwa na mizani yake ya kuning'iniza, aliwapima begi la mwisho, akakuona umenishika mkono. Alikuwa anapiga soga tu. Akakuuliza, "Na huyu ni nani yako?" Ulimtazama. Ukamtazama babu yako, kisha mama yako. Mkono wako ukalegea ndani ya wangu, haukuondoka, ulilegea tu, ukasema kwa sauti ndogo ya darasani:

"Mama, niseme ipi?"

Yule bwana alicheka, akadhani ni utani wa kitoto, akaandika kilo za begi. Mama yako aliingia ndani. Nami, mwenye shahada, nilisimama pale nikiitazama mizani, na nilikuona ukinitazama kuona kama umekosea.

Hukukosea. Nimekuja huku mbali na nyimbo ili niandike hili moja: hukukosea leo, wala hukukosea ulipokuwa na miaka minane. Ulijibu swali ambalo watu wazima watatu walikuwa wameliacha miguuni pako.

Kesho patakuwa na maswali mengine. Pale garini watasoma majina, na uwanjani kuna meza tatu au nne kabla ya mlango nisioruhusiwa kuvuka. Katika kila moja ya meza hizo, mtu akinyoosha kidole kwangu na kukuuliza mimi ni nani, usijibu. Funga mdomo, nishike mkono, utazame ndege. Kazi hiyo ilikuwa yangu tangu una miezi mitatu. Nitajibu mimi, kwa sauti, hata kabla hawajamaliza kuuliza, na sitangoja mtu yeyote anisahihishe.

Baba yako